Nina hela ndogo, nataka Hiace: hatua za kuchagua gari ya mkononi isiyokuhamishia gereji

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Kaka, nina milioni 15, napata Hiace?" "Nichukue dizeli au petroli?" "Namba C inafaa, au nijichange kwanza nifike namba D?" (Namba C na D ni herufi za usajili kwenye kibao cha gari, nazieleza Hatua ya 3.) Nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka, sasa nayaandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio uleule ninaoufuata mwenyewe nikienda kuangalia gari.

Nasambaza mikate na vinywaji Dar es Salaam. Hiace za mkononi nimeshanunua tatu. Ya kwanza ilinichapa, ya pili ilinivumilia, ya tatu ndiyo inayonilisha mpaka leo. Nimeegemea Hiace kwa sababu fundi wake yupo kila stendi na spea zake zinapatikana kuanzia Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, mpaka Katoro, lakini kama unawinda Townace, Noah au Caravan, karibu hatua zote zinakuhusu. Mlioko Kenya, kwenye makaratasi badilisheni TRA (mamlaka ya mapato, ndiyo inayosajili magari huku) kwa NTSA. Kutu na moshi ni vilevile.

Kabla hujatoka nyumbani

Hela iliyogawanywa. Katika kila milioni 5 ulizonazo, moja iweke pembeni na uisahau. Hiyo ndiyo ya mkanda wa taimingi, oili na filta, matairi mawili matatu, kuhamisha umiliki na bima. Mwenye milioni 15 anatafuta gari ya milioni 12. Na dalali usimtajie 15, maana utaonyeshwa magari ya 17 na kuambiwa "bosi, hapa tunaongea tu".

Fundi wako mwenyewe, siyo anayeletwa na dalali. Mlipe pesa yake ya siku hata kama gari hamkununua. Ukimwambia "tukinunua nitakutoa", hapo hapo umemgeuza na yeye kuwa dalali: anataka gari inunuliwe ili alipwe.

Tochi, kitambaa cheupe, bisibisi, sumaku ndogo (iliyotoka kwenye spika mbovu inatosha), na kipande cha boksi la kulalia uvunguni. Simu yenye bando. Nguo usizozionea huruma.

Na asubuhi mbili. Gari ya kuamuliwa saa kumi na moja jioni "kwa sababu kuna mteja mwingine anakuja" iache imfikie huyo mteja.

Hatua ya 1: Amua kazi, ndipo uchague injini

Ipo Hiace ya mikate na ipo Hiace ya mahindi ya Kibaigwa, na mara nyingi si gari moja. Andika kwenye karatasi: kilo ngapi, kilomita ngapi kwa siku, lami au vumbi, na nani ataiendesha. Kama ni kijana wa kuajiriwa, chukulia kwamba sindano ya joto hataiangalia.

Halafu soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi. Hizo zinakuambia zaidi ya maneno ya muuzaji.

LH ni dizeli za kizamani: 2L, 3L na 5L. Hazina haraka, zina kelele, lakini nozeli (za kunyunyizia dizeli) na pampu yake fundi yeyote wa wilayani anazijua. 5L ya lita 3.0 iliyotunzwa ni punda halisi. Ubaya ni kwamba zilizobaki sokoni nyingi zimeshafanya kazi ya watu wawili.

KZH ina injini ya 1KZ, lita 3.0 yenye turbo. Ina nguvu tamu sana, na silinda hedi (kichwa cha injini) isiyosamehe. Ikichemka mara moja tu kwa uzembe, hedi inaweza kupasuka. Hii ndiyo iliyonichapa.

TRH ni petroli ya bodi mpya, ile iliyoanza 2004. 1TR ni lita 2.0, 2TR ni lita 2.7. Zinatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda, na hazina nozeli za bei ya kukunyima usingizi.

KDH ni zile wanazoziita D4D: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Zinavuta, na mafuta zinatumia kwa adabu. Lakini nozeli zake hazipatani na dizeli chafu, na zile washa (pete) za shaba zilizo chini ya nozeli zikianza kuvujisha, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio lililomo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku wewe umewasha redio. Fundi anayezijua ataomba afungue sampu atazame hilo chujio. Muuzaji akikataa, mwachie gari yake.

Msimamo wangu kwa mwenye hela ya kubana anayezunguka mjini: chukua TRH yenye 1TR, gia ya mkono. Utalalamika sheli, sawa, lakini malalamiko ya sheli ni ya elfu kumi kumi. Ya nozeli ni ya milioni. Kwa safari ndefu na mzigo mzito, 5L nzima naipenda kuliko 1KD isiyojulikana ilikotoka.

Hatua ya 2: Jua gari ilikuwa inafanya kazi gani

Dalali atakuambia ilikuwa ya mama mmoja anapeleka watoto shule. Kila Hiace ya Tanzania ilikuwa ya huyo mama. Sikiliza, itikia, kisha iulize gari yenyewe.

Nyanyua kapeti la nyuma. Ukikuta mistari ya matundu ya bolti yaliyozibwa, hapo palikuwa na siti, na gari ilikuwa daladala au ya wanafunzi. Si lazima uikimbie, ila tegemea klachi iliyochoka na mlango wa pembeni uliopigwa na makonda maelfu ya mara, na kilomita za kwenye dashibodi zichukulie kama pambo.

Angalia rangi ya kibao cha namba. Cheupe ni cha biashara, cha njano ni cha binafsi. Gari "ya familia" yenye namba nyeupe ina hadithi ambayo hujasimuliwa.

Inayonitisha zaidi ni gari ya samaki. Niliwahi kupelekwa yadi moja kuona Hiace nyeupe, inang'aa, ndani imetundikwa vinukato vitatu. Vitatu! Nikanyanyua kapeti kwenye kona ya nyuma kushoto, nikagusa sakafu kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye andazi. Maji ya barafu na chumvi ya miaka yalikuwa yamekula bati mpaka kwenye nguzo ya chesisi, na juu yake wamepaka lami nyeusi ya kuzuia kutu, mbichi bado. Dalali akasema hiyo ni "kazi ya laki mbili kwa mchomeleaji". Chesisi iliyoliwa na chumvi ukiichomelea leo inafunguka pembeni mwezi ujao.

Hatua ya 3: Makaratasi kabla ya kulala uvunguni

Watu wengi wanafanya kinyume: wanaipenda gari, wanaisikiliza injini, wanapiga picha na kuituma nyumbani, ndipo wanauliza kadi. Wakati huo moyo umeshanunua. Anza na kadi.

Omba kadi halisi, si nakala. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha huyo aliyesimama mbele yako. "Kadi iko kwa mjomba Mwanza" mara nyingi maana yake ni kwamba kadi iko kwa wakopeshaji, wale wa kausha damu, na gari imewekwa rehani. Kama mwenye jina ameshafariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu hatoshi, hata akiwa mstaarabu namna gani.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Namba ya chesisi itazame ilipogongwa kwenye chuma chenyewe, usiishie kwenye kibao kilichobandikwa. Herufi zilizopinda, au chuma kilichosagwa na kupakwa rangi kuzunguka namba, funga tochi urudi nyumbani. Injini kuwa imebadilishwa siyo dhambi, Hiace nyingi zimebadilishwa. Dhambi ni kutobadilisha kadi.

Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, na uangalie madeni ya maegesho. Faini zinaifuata namba ya gari. Ukinunua bila kuangalia, siku trafiki akikusimamisha Chalinze utalipa mwendokasi wa mtu ambaye hujawahi kunywa naye chai. Stika ya bima nayo inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Kuhusu namba C, D na E: herufi hiyo inasema gari ilisajiliwa lini Tanzania, haisemi ilitengenezwa lini. Hiace ya 1999 inaweza kuvaa namba D kwa sababu tu ilichelewa kuja. Ukitaka umri wake, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Mwaka wa kwenye mkanda ukikaribiana na wa kwenye kadi, vizuri. Ukitofautiana kwa miaka sita, uliza.

Hatua ya 4: Injini ikiwa baridi

Hapa ndipo nilipopigwa. Gari ya kwanza niliifikia saa nne asubuhi. Ilikuwa imeshawashwa, imeoshwa, muuzaji anatabasamu. "Nimetoka kuiosha tu, kaka." Bati la chini ya kiti cha dereva lilikuwa la moto, nililigusa kwa mkono wangu, nikajiambia jua la Dar. Ikawaka kwa mguso mmoja, haina moshi. Wiki ya tatu nikapakia mzigo wa Iringa. Katikati ya mlima Kitonga sindano ikaanza kupanda, nikasema nifike pale juu. Sikufika. Hedi ilikuwa imeshapasuka tangu zamani na kupachikwa dawa ya kuzibia rejeta. Pasha gari moto, zuia isivuje siku mbili, uza. Hela niliyoweka kwenye hiyo hedi ingeninunulia pikipiki.

Kwa hiyo mwambie muuzaji tangu jana yake: usiiwashe mpaka nifike. Fika saa moja asubuhi. Ukikuta imeshapashwa, sema utarudi kesho, na urudi kweli.

Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Nyanyua kiti, mulika.

Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa cheupe. Nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili. Nzito kama lami kwenye D4D ni ule ugonjwa wa washa za nozeli.

Fungua rejeta ikiwa baridi. Nasema ikiwa baridi. Ya moto itakurushia maji usoni. Maji yawe ya rangi ya kijani, nyekundu au pinki, safi. Kutu ya kahawia ina maana mtu amekuwa akijaza maji ya bomba. Mafuta yanayoelea juu, au chembechembe kama za unga wa dawa, umeshaelewa.

Sasa washa, kifuniko cha rejeta kikiwa bado wazi, usimame kando. Viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Rudisha kifuniko kabla haijapata moto.

Mpeleke mtu nyuma akaangalie ekzosi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaopotea baada ya dakika moja si tatizo. Mweupe usioisha ni maji au dizeli isiyoungua, wa buluu ni oili, mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi au hewa kidogo.

Injini ikinguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi nyepesi ni kawaida. Kikirukaruka na kutoa moshi kwa vishindo, mafundi wanasema injini inapumua: ringi zimekwisha, ovahoo (kufumua injini nzima) inakusubiri.

Tazama taa za dashibodi. Ukifungua swichi, taa ya injini na ya oili lazima ziwake, kisha zizimike gari ikiwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa mara nyingi imeng'olewa balbu. Dizeli zenye mkanda zina taa ya T-BELT inayowaka mkanda ukifikia muda wa kubadilishwa, mara nyingi kilomita 100,000. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini, na bila risiti au kibandiko chukulia haujabadilishwa.

Iache inguruma dakika ishirini. Ndiyo, ishirini. Piga stori. Sindano ipande mpaka karibu na katikati na ikae hapo.

Hatua ya 5: Bodi na uvungu

Pitisha sumaku kwenye pembe za chini za milango, juu ya matairi, na chini ya mlango wa pembeni. Pasiposhika, pana puti (ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi). Puti ya mkwaruzo ni sawa, puti ya nusu mlango ni ajali.

Hiace haina pua. Ikigonga, kipigo kinafika moja kwa moja kwenye uso wa gari na miguu ya dereva. Kwa hiyo lala chini mbele utazame chuma kinachobeba rejeta na ncha za chesisi: zimenyooka pande zote mbili? Kuna mchomeleo usiofanana na wa kiwandani? Fungua mlango wa dereva na wa abiria, ulinganishe nafasi kati ya mlango na nguzo. Bolti zilizochubuka rangi zimewahi kufunguliwa.

Kutu ianzie kuitafuta kwenye mfereji wa paa na reli ya mlango wa pembeni. Huo mlango ufungue na kuufunga mara kumi. Springi za nyuma zihesabu kulia na kushoto; iliyoongezwa majani upande mmoja ilikuwa inabeba kupita kiasi.

Matairi yana tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka minane ni tairi la kutupa, na bei yake ikatwe kwenye gari.

Hatua ya 6: Barabarani, na uzito

Gari tupu inadanganya. Ukiweza, pakia mifuko kumi ya saruji, hizo ni kilo 500. Ukishindwa, waite ndugu saba. Tafuta mlima, kwa Dar mimi napeleka Pugu.

Kabla ya kutoka, pima klachi: vuta handibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini izime. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, si mchezo wa kurudia.

Barabarani zima redio. Achia usukani kidogo kwenye lami iliyonyooka, uone inavutia wapi. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja pasipo na gari nyuma. Panda mlima kwa gia ya pili huku jicho liko kwenye sindano ya joto. Kwenye matuta sikiliza mbele: kugonga kavu ni boljointi au bushi, mlio wa kukoroma unaoongezeka na mwendo ni beringi. Gia ikichomoka yenyewe ukiachia mafuta, gia boksi inadai.

Muuzaji akikukatalia kuendesha kwa kisingizio cha bima, aendeshe yeye, wewe ukae kiti cha mbele. Akikataa na hilo, mazungumzo yameisha.

Hatua ya 7: Kompyuta, kwa TRH na KDH

Lipa upimwe kwa kompyuta, gereji unayoichagua wewe. Kwa D4D mwambie fundi asome na marekebisho ya kila nozeli, siyo makosa tu, kwa sababu makosa yanafutwa dakika mbili kabla hujafika. Magari mengi ya LH hayahitaji hatua hii. Hela hiyo nunua oili.

Hatua ya 8: Bei na malipo

Usijadili bei kwa maneno ya "punguza bosi". Mpe fundi aandike orodha: matairi mawili, bushi, mkanda, breki. Pigia duka la spea ukiwa palepale, jumlisha, na hiyo jumla ndiyo unayoomba ipungue. Muuzaji anabishana na wewe kirahisi, na risiti ya Gerezani anabishana nayo kwa shida.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, uwe na namba ya chesisi, namba ya injini, vitambulisho vya pande zote na mashahidi. Hela iingie benki kwa jina lililo kwenye kadi. Kadi, ufunguo wa akiba na hela vibadilishane mkono siku moja. Uhamisho wa umiliki TRA anzisheni siku hiyohiyo, wakati muuzaji bado anapokea simu zako. Kila mmoja awe na TIN (namba ya mlipakodi) yake. Mkubaliane mapema nani analipa nini, kabla ya kusaini.

Na mtu akikuambia tuma laki moja "nikushikilie gari" ambayo hujaiona, usitume hata buku. Ni mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi ndani ya gunia hamna mbuzi.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua rangi. Kupaka Hiace nzima ni rahisi kuliko kufungua injini, na wauzaji wanalijua hilo.

Kununua dizeli kwa sababu "dizeli haifi". Haifi ikitunzwa. Ya D4D iliyonyweshwa dizeli ya madumu pembeni mwa barabara inakufa vizuri kabisa.

Kununua gari iliyoongezwa siti mtaani kwa nia ya kubeba abiria, bila kuzitazama zimeshikiliwa na nini. Nimeona siti zilizochomelewa kwenye bati tupu. Kama mpango wako ni abiria, pita LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uulize masharti ya leseni kabla, siyo baada.

Kumwamini shemeji. Shemeji naye apimwe gari yake.

Umeshanunua, imeanza kusumbua

*Joto linapanda kwenye foleni, linashuka ukitembea.* Anza na feni na klachi yake. Kama ni kinyume, linapanda mlimani na mwendo mkubwa, ni rejeta iliyoziba au termostati, na baada ya hapo ndipo uihofie hedi.

*Asubuhi inawaka, ikipata moto inagoma (D4D).* Nozeli zinarudisha dizeli nyingi au pampu imechoka. Pima kiasi kinachorudi kwa kila nozeli kabla ya kukubali kununua zote nne.

*Asubuhi inasumbua kuwaka, mchana haina shida (dizeli za kizamani).* Hita, zile plagi za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Ni za bei ndogo, usikubali kushusha pampu kwanza.

*Taa ya oili inawaka ikiwa imesimama.* Zima injini. Usiendeshe mpaka gereji, vuta kwa kamba. Kwenye KDH fungua sampu, chujio limeziba.

*Moshi mweusi ikipanda mlima.* Filta ya hewa kwanza, halafu bomba la turbo lililopasuka, mwisho nozeli.

*Gia ya kurudi nyuma inakwaruza.* Tazama maji ya klachi na zile silinda mbili, ya juu na ya chini. Raba zake zikichoka klachi haiachii vizuri, na fundi mwenye njaa atakuambia gia boksi.

*Usukani unatetemeka kuanzia 80.* Balansi ya matairi. Ukitetemeka unapofunga breki tu, diski zimepinda.

*Kila kitu kiko sawa ila inanuka samaki mvua ikinyesha.* Nyanyua kapeti. Pole.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili, filta zote, maji ya rejeta na maji ya breki, hata kama muuzaji ameapa alibadilisha juzi. Dizeli yenye mkanda, badilisha mkanda na pampu ya maji kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni moja. Andika kilomita za siku hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya mlango wa dereva. Hizo ndizo kilomita za kwanza za gari yako unazozijua kwa uhakika.